Pa kubisha hodi kijana anapolemewa na mawazo

KATIKA familia nyingi nchini, safari ya kumtafutia tiba kijana aliyeugua akilini huanza ikiwa tayari imechelewa. Mama hugundua kwamba mwanawe wa Kidato cha Tatu hamalizi tena chakula chake na wenzake hawaji kumtembelea. Baba husema ni ukaidi wa ujana. Shangazi hupendekeza maombi, na jirani humtaja mtaalamu wa mitishamba aliyewahi kumtibu mpwa wake. Kufikia siku ambayo mtu wa kwanza atalitamka neno "hospitali", muhula mmoja umepita, au miwili, na mara nyingine mwaka mzima.

Ucheleweshaji huo hautokani na uhaba wa mapenzi. Hutokana zaidi na kutojua: ni nani wa kuonwa, anapatikana wapi, atauliza nini, atatoza kiasi gani, na je, jina la mtoto halitachafuka kijijini? Makala haya yanayajibu maswali hayo kwa kadiri ya hali ilivyo nchini Kenya.

Tatizo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa umri wa miaka 10 hadi 17, uliofanywa mwaka wa 2021 na ripoti yake kutolewa 2022, ulibaini kuwa asilimia 44.3 ya vijana hao walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili katika muda wa miezi 12 iliyotangulia. Waliotimiza vigezo vya kitabibu vya ugonjwa kamili walikuwa asilimia 12.2. Takwimu hizo mbili hazina budi kutenganishwa, maadamu wanaozinukuu katika hotuba huzichanganya kila mara. Si kila kijana mwenye huzuni au hofu ni mgonjwa. Hata hivyo, takriban mmoja katika kila wanane anahitaji zaidi ya nasaha za mezani. Isitoshe, mwaka huo ndio ambao shule zilifunguliwa kikamilifu baada ya likizo ndefu ya Covid-19, na walimu wengi watakumbuka jinsi watoto walivyorejea.

Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo husema nusu ya magonjwa ya akili yanayowapata watu wazima huanza kabla ya umri wa miaka 14, na robo tatu kabla mtu hajapita katikati ya miaka ya ishirini. Kwa hivyo ugonjwa huu, tofauti na shinikizo la damu au maumivu ya viungo, huwakuta watu wakiwa darasani.

Ugonjwa usio na jina nyumbani

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Mwandishi huyu amekula mkate wake kwa miaka mingi kwa kusahihisha maneno ya wenzake, na hakuna uwanja ambao Kiswahili cha magazetini kimeuhangaikia kama huu. Tanzania hutumia neno "sonona" kwa ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kwetu Kenya neno hilo halijashika. Watu husema "msongo wa mawazo", "mfadhaiko" au "unyogovu", na vijana wa mitaani husema tu kwamba wana "stresi". Kila neno kati ya hayo hubeba mambo mawili kwa wakati mmoja: shida za kawaida za maisha, kama vile karo na mapenzi yaliyovunjika, na ugonjwa unaotibika hospitalini. Kwa upande mwingine, neno "wazimu" lipo tayari mdomoni mwa kila mtu, na ni zito mno hata mzazi hawezi kulikubali kwa mwanawe.

Matokeo yake huonekana kwenye chumba cha daktari. Kijana hasemi, "Nina huzuni." Husema kichwa ni kizito, moyo unamwenda mbio, tumbo linasokota, usingizi umepotea, "nafikiria sana". Mhudumu mwenye foleni ya wagonjwa 60 mlangoni humwandikia dawa ya kupunguza maumivu na kumwita anayefuata. Hakuna aliyekosea kwa makusudi, lakini kijana amerudi nyumbani na vidonge visivyomfaa.

Dawa ya hilo ni kueleza mabadiliko badala ya hisia. Mzazi au kijana aseme waziwazi: tangu mwezi fulani halali zaidi ya saa tatu, ameacha kandanda aliyoipenda, alama zake zimeshuka, anajitenga, hali imedumu kwa zaidi ya majuma mawili. Kipindi hicho cha majuma mawili si cha kubahatisha. Fomu fupi ya maswali tisa inayotumiwa katika hospitali nyingi duniani kupima huzuni, na ambayo ina tafsiri ya Kiswahili, humuuliza mgonjwa jinsi alivyokuwa katika majuma mawili yaliyopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, uwezo wa kumakinika, kujiona hafai, na mwishoni kabisa, kama amewahi kuwaza kuwa heri afe. Anayekwenda kliniki akiwa ameyafikiria mambo hayo humwokolea mhudumu nusu ya kazi.

Kuna dalili nyingine ambazo hazifai kungojewa majuma mawili. Kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayeamini kwamba kuna watu wanaomfuatilia au redio inayomsema, asiyelala siku tatu na bado ana nguvu za ajabu, huyo apelekwe hospitalini mara moja. Magonjwa ya aina hiyo hujitokeza sana baina ya mwisho wa shule ya upili na miaka ya mwanzo ya chuo. Kadiri yanavyokaa bila tiba, ndivyo yanavyokuwa magumu kutibu.

Mlango wa karibu ndio wa kwanza

Wengi hudhani kwamba ugonjwa wa akili maana yake ni Mathari. Hospitali hiyo iliyoko kando ya barabara ya Thika jijini Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1910 na serikali ya kikoloni ikiwa makao ya kuwazuilia waliodaiwa kuwa vichaa, mahali palipokuwa pametumiwa awali kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ilipata jina la Mathari mwaka wa 1924. Kwa zaidi ya karne moja jina hilo limetumiwa na watoto kutukanana, na ni sababu mojawapo ya familia kukwepa tiba. Leo ni hospitali ya kitaifa ya mafunzo na rufaa, na wagonjwa wengi wanaoizuru huonwa kliniki na kurudi makwao siku hiyo hiyo.

Lakini kwa kijana aliyeko Lodwar, Mwingi au Kuria, Mathari si jibu. Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Chini yake yupo mhamasishaji wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba akiwa na mkoba wa vifaa. Serikali ilizindua kikosi cha takriban wahamasishaji 100,000 Septemba 2023. Hawatibu magonjwa ya akili, lakini wanamjua muuguzi, wanajua siku za kliniki, na wanaweza kumsindikiza mzazi anayeona haya.

Katika kituo cha afya, kijana ataonwa na muuguzi au afisa wa kliniki. Tangu 2008 WHO imekuwa na mpango wa kuwafunza wahudumu wasio mabingwa kutambua na kutibu magonjwa ya akili yaliyo ya kawaida, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoutumia. Si kila mhudumu amepata mafunzo hayo. Iwapo aliyepo hajayapata, mwombe barua ya rufaa kwa hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti, na umuulize kwa jina ni siku gani kliniki ya akili hufanyika huko. Swali hili la siku ni muhimu kuliko linavyoonekana. Hospitali nyingi huwa na kliniki hiyo mara moja au mbili kwa juma, na mzazi aliyetumia nauli yake ya mwisho kufika siku isiyo yake huenda asirudi tena.

Ukweli usemwe kwamba mtandao huu una mashimo. Mkaguzi Mkuu wa Serikali, katika ripoti yake ya 2017 kuhusu huduma za afya ya akili, alipata kwamba hospitali 29 pekee kati ya 284 za ngazi ya nne kwenda juu ndizo zilizotoa huduma hizo. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga liliwasilisha ripoti Julai 2020 likitaka maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizo. Kaunti zimetofautiana sana katika kuutekeleza wajibu huo. Nje ya Nairobi, hospitali ya mafunzo na rufaa ya Moi mjini Eldoret ina idara kamili ya akili, na Mombasa ina wadi ya akili katika hospitali ya Port Reitz. Jijini, Hospitali Kuu ya Kenyatta ina kliniki ya akili pamoja na kituo cha vijana chenye washauri wake.

Yupi ni yupi

Kuna mkanganyiko mkubwa kuhusu majina ya wataalamu, na mkanganyiko huo huwagharimu watu fedha.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyeongeza masomo ya akili. Ndiye anayeweza kubaini ugonjwa mgumu na kuandika dawa zake. Ni wachache mno nchini na wengi wao wako Nairobi. Muuguzi wa magonjwa ya akili ndiye uti wa mgongo wa huduma hii mashinani. Katika kaunti nyingi ndiye mtaalamu wa pekee, na aghalabu anawajua wagonjwa wake kwa majina ya mama zao. Mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu maalumu, wala haandiki dawa. Mshauri nasaha naye husaidia katika majonzi, migogoro ya kifamilia, mitihani, mahusiano na kadhalika.

Hapo kwa mshauri nasaha ndipo tahadhari inahitajika. Mtu yeyote anaweza kubandika bango. Wapo waliosoma miaka minne chuoni, na wapo waliohudhuria semina ya siku tano. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka wa 2014, nayo ikaunda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia. Mteja ana haki ya kuuliza: umesomea wapi, umesajiliwa na nani, nani hukusimamia? Mtaalamu wa kweli haudhiki kwa maswali hayo. Kwa upande wa madaktari, baraza lao huweka hadharani orodha ya waliosajiliwa, na yeyote anaweza kulisaka jina.

Katika kliniki za kibinafsi mazungumzo ya saa moja hugharimu shilingi elfu kadhaa, na tiba huhitaji vikao kadhaa. Asiyemudu asikate tamaa. Vyuo vikuu vya umma vina ofisi za ushauri kwa wanafunzi wao, ambazo hutumiwa na wachache kuliko wanaozihitaji kwa kuwa zimewekwa jengo moja na usimamizi na kila anayeingia huonekana. Wakuu wa vyuo wangelitazama hilo.

Shuleni

Kitengo cha ushauri na uelekezaji kiliundwa katika Wizara ya Elimu mwaka wa 1971, na leo ni nadra kupata shule ya upili isiyo na mwalimu mwenye cheo hicho. Katika shule nyingi mwalimu huyo ana vipindi vyake kamili vya Kemia au Historia, na hana chumba cha faragha. Baya zaidi ni pale anapokuwa pia katika kamati ya nidhamu. Mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo Jumatatu mtu ambaye huenda akamwandikia barua ya kusimamishwa masomo Ijumaa.

Mzazi anapopigiwa simu kwamba mtoto "amekuwa na tabia za ajabu", asikubali kumchukua na kumrudisha baada ya juma moja kana kwamba amekwenda kufuata karo. Aombe kuonana na mwalimu wa ushauri na mwalimu wa darasa, aulize mabadiliko yalianza lini, na aandike majibu. Maandishi hayo yatamfaa daktari kuliko kumbukumbu za nyumbani, kwani mtoto wa bweni huishi miezi mitatu machoni pa walimu.

Kuna juhudi moja ya Kenya iliyochunguzwa kisayansi na inayofaa kutajwa. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na kijana Mkenya Tom Osborn, huwatumia vijana waliotoka shuleni karibuni kuongoza makundi ya wanafunzi wa shule za upili. Vikao ni vinne, kimoja kwa juma, na mada zake ni nyepesi: kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kushukuru, na kuishi kwa maadili anayoyathamini. Utafiti uliohusisha wanafunzi 413, na matokeo yake kuchapishwa 2021 katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA Psychiatry, ulionyesha kwamba dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioshiriki vikao hivyo kuliko kwa waliofunzwa mbinu za kusoma. Jambo la kuzingatia ni kwamba mikutano hiyo haikuitwa matibabu. Kijana asiyekubali kuonekana mlangoni pa mshauri aliketi na wenzake bila aibu.

Mfano wa aina hiyo upo pia nchini Zimbabwe, ambako tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amewafunza akina nyanya kuwasikiliza watu kwenye benchi za mbao nje ya zahanati. Neno wanalolitumia kwa ugonjwa huo katika lugha ya Kishona, "kufungisisa", maana yake ni kufikiria kupita kiasi. Hapo tunarudi kwenye "nafikiria sana" ya kijana wetu.

Hatari inapokuwa karibu

Mzazi akihofia kwamba mwanawe anawaza kujitoa uhai, amuulize. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti wa miaka mingi haukuthibitisha hofu hiyo. Kinyume chake, wengi huhisi nafuu wanapoulizwa kwa upole. Maneno yawe ya kawaida: "Mwanangu, naona umelemewa. Je, umefika mahali pa kuwaza kutoishi tena?" Kisha anyamaze na kusikiliza. Asimkemee, asimwambie ni dhambi saa hiyo, wala asimfananishe na watoto wa jirani wenye shida kubwa zaidi.

Akikiri, asiachwe peke yake. Dawa za shambani, vidonge vilivyomo nyumbani na vyombo vya hatari viondolewe au vifungiwe mbali naye. Hatua hiyo ya kawaida huokoa maisha, kwa kuwa wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupita baada ya saa chache. Apelekwe katika kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, usiku au mchana, hata kama hospitali hiyo haina daktari wa akili.

Kwa anayetaka kuzungumza na mtu kabla ya kufika hospitalini, nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na 116 ya Childline Kenya, iliyo ya watoto, hupigwa bila malipo. Befrienders Kenya, ambao ni watu wa kujitolea waliofunzwa kusikiliza, hupatikana kwa 0722 178 177. Kama shida inahusiana na pombe, bangi au mihadarati mingine, Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Ulevi na Mihadarati (NACADA) ina 1192. Laini ikiwa na shughuli, piga tena au jaribu nyingine. Nambari hizi ziandikwe ukutani jikoni, karibu na ile ya mwenye bodaboda.

Lipo jambo la kisheria ambalo bado halijawafikia wengi. Kwa miongo mingi, Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na aliyepatikana na hatia aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Kuna familia zilizomficha kijana nyumbani akiwa amejiumiza, kwa kuogopa polisi watakuja wadini. Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyowasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu Kenya pamoja na chama cha madaktari wa akili na mlalamishi mwingine. Kwa hivyo anayempeleka mtoto hospitalini katika hali hiyo anampeleka mgonjwa, na amdai mhudumu amtibu kama mgonjwa.

Kanisani, msikitini na kwa mganga

Hakuna haja ya kuwalazimisha watu wachague baina ya dini na dawa. Padri, mchungaji au imamu ndiye mtu wa kwanza kuaminiwa siri hii katika nyumba nyingi, na wapo walio wasikivu kuliko washauri wenye vyeti. Maombi na dua humpa mgonjwa na mama yake nguvu ya kungojea dawa ifanye kazi. Lakini kuna mstari. Kiongozi wa dini au mganga anayeagiza mgonjwa aache dawa, anayemfunga kamba au minyororo, anayemnyima chakula au kumchapa ili pepo limtoke, amevuka mpaka. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi takriban 60 zilizotajwa na Human Rights Watch katika ripoti yake ya 2020 kuhusu watu wenye magonjwa ya akili wanaofungwa minyororo. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutoteswa, na mgonjwa hakuondolewa katika neno "kila mtu".

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa vituo vya kurekebisha tabia za walevi na watumiaji wa mihadarati. Huwa ghali, na vingine haviruhusu familia kumwona kijana kwa majuma mengi. Vituo hivi sharti viidhinishwe na NACADA. Mzazi aombe kuiona idhini yenyewe kabla ya kulipa hata shilingi, na aulize ni daktari gani anayefika hapo na mara ngapi.

Dawa, malipo na siku ya kliniki

Si kila anayeonwa hupewa dawa. Kwa huzuni na wasiwasi usio mkali, mazungumzo na mtaalamu hutosha mara nyingi. Dawa zikiandikwa, familia ijue mambo mawili ambayo wahudumu wenye haraka husahau kuyasema. Mosi, dawa za huzuni kama vile fluoksetini hazifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua majuma mawili hadi manne au zaidi, na wengi huziacha katika juma la kwanza wakisema hazina maana. Pili, kwa walio chini ya umri wa miaka 25, majuma ya mwanzo yanahitaji jicho la karibu, kwa kuwa baadhi yao huweza kuwa na mahangaiko au mawazo ya kujiumiza yanayoongezeka. Likitokea hilo, arudi hospitalini bila kungojea tarehe. Asiziache ghafla eti amepona. Kupunguza dawa hufanywa hatua kwa hatua na aliyeziandika.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya iliyokuwa NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Aliyesajiliwa hatakiwi kulipia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma vilivyoingia katika mpango huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia hapo. Kwa tiba ya juu zaidi au ya kulazwa, michango iwe imelipwa, na mzazi aulize hospitalini kabla ya kulazwa ni sehemu gani italipwa na SHA na ipi itamsalia. Mwenye bima ya kibinafsi aisome vizuri: Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilikwisha kuzikataza kampuni za bima kuyabagua magonjwa ya akili katika bima za matibabu, jambo ambalo si kila wakala hukumbuka kulisema.

Siku ya kliniki, kijana aende na kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, barua ya rufaa kama anayo, dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake pamoja na za mitishamba, na daftari lenye tarehe za mabadiliko. Mzazi aingie naye mwanzoni, aeleze aliyoyaona, kisha atoke nje kwa dakika chache bila kusubiri kuambiwa. Yapo mambo ambayo mwana hatayasema mbele ya mama yake: mimba, dawa za kulevya, aliyemdhulumu, au deni la kamari kwenye simu. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida huhitaji idhini ya mzazi au mlezi kwa matibabu, lakini haihitajiki ili azungumze kwa simu na 116.

Kabla ya kuondoka, waulize nambari ya simu ya kliniki, wahakikishe tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi, na waulize wafanye nini dawa zikiisha kabla ya tarehe hiyo. Maduka ya dawa ya mashambani mara nyingi hayana dawa hizi, na hospitali za kaunti nazo huishiwa. Nakala ya cheti cha dawa iliyopigwa picha kwa simu humwezesha ndugu aliye mjini kuzinunua na kuzituma kwa matatu ya jioni.